Kitabu Kipo, Katalogi Inasema Hakuna: Kutafuta Majina ya Kichina, Kijapani na Kikorea Maktabani

Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulifika China ukiwa na twiga, na Wachina wakampokea mnyama yule kwa jina la kiumbe wa hadithi zao: qilin. Mtu wa pwani yetu akitaka kusoma habari hiyo ataandika qilin kwenye kisanduku cha kutafutia, na atapata makala kadhaa, nyingi za miaka ya karibuni. Yaliyoandikwa na mabingwa wa zamani hayatatokea, kwa kuwa wao waliandika ch'i-lin, au k'i-lin, au kylin. Akikata tamaa hapo, tasnifu yake itasema kwamba vyanzo ni vichache. Si kweli. Vyanzo vipo, vimelala chini ya tahajia nyingine, na historia ya pwani yetu inapungua kwa sababu ya herufi mbili tatu.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na tatizo lako uanzie hapo. Lakini soma kwanza sehemu inayofuata, maana bila hiyo marekebisho mengine yote ni kubahatisha.

Kabla ya kubadili tahajia: unatafuta wapi?

Jina moja linaweza kukaa mahali patatu katika mifumo ya maktaba, na kila mahali pana kanuni yake.

Pa kwanza ni kichwa cha kitabu. Mkutubi hunakili kichwa kama kilivyochapwa. Kitabu cha miaka ya 1960 chenye Chou En-lai kwenye jalada kitabaki na Chou En-lai kwenye katalogi, hata kama leo kila mtu anaandika Zhou Enlai.

Pa pili ni majina rasmi na mada, yaani viingizo ambavyo wakutubi wamekubaliana ili kazi zote zinazomhusu mtu mmoja au jambo moja zikae pamoja. Katika maktaba zinazofuata Maktaba ya Congress ya Marekani, kiingizo cha kiongozi huyo ni Zhou, Enlai, 1898-1976, haidhuru jalada linasemaje.

Pa tatu ni matini yenyewe: kurasa zilizopigwa picha na kusomwa na kompyuta, kama zilivyo kwenye hazina za mtandaoni za JSTOR na HathiTrust. Huko hakuna aliyesawazisha chochote. Kila mwandishi amebaki na tahajia yake, pamoja na makosa ya kompyuta iliyosoma ukurasa.

Kwa hiyo ukipata hata kitabu kimoja kinachofaa, fungua rekodi yake kamili kabla ya kuendelea. Tazama mstari wa mada, ubofye jina rasmi lililoandikwa pale. Katalogi itakuletea vitabu vyote vilivyofungwa kwenye jina hilo, vya zamani na vipya, bila kujali majalada yao yameandikwaje. Nimeona watafiti wakihangaika na tahajia sita wakati rekodi ya kwanza waliyoifungua ilikuwa na mlango wa kuingilia kwote. Sehemu zote zilizobaki ni za pale ambapo huna hata kitabu kimoja cha kuanzia, au unapotafuta ndani ya matini ambako mlango huo haupo.

Dalili: jina la Kichina unalijua, matokeo ni sifuri

Sababu ya kawaida ni mifumo miwili ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini. Wa kwanza ni Wade-Giles, ulioanzishwa na Thomas Wade katika karne ya 19 na kukamilishwa na Herbert Giles katika kamusi yake ya 1892. Vitabu vya Kiingereza viliutumia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Wa pili ni pinyin, uliopitishwa na serikali ya China mwaka 1958. Ukiwa na tahajia ya mmoja, unaweza kuijenga ya mwingine bila kujua Kichina. Mabadiliko muhimu, kutoka pinyin kwenda Wade-Giles, ni haya:

- b, d, g huwa p, t, k. Na p, t, k huwa p', t', k' (zenye ritifaa)
- zh na j zote huwa ch. Ch na q zote huwa ch'
- x huwa hs
- z huwa ts, na c huwa ts'. Zi yenyewe huandikwa tzu
- r ya mwanzo huwa j
- ong huwa ung, ian huwa ien, yi huwa i, you huwa yu, yu huwa yü
- zhi na shi huongezewa h mwishoni: chih, shih
- he na ge huwa ho na ko

Jaribu kwa mfano wetu. Zheng He, amiri wa misafara iliyofika pwani ya Afrika Mashariki, anakuwa Cheng Ho. Mfalme Yongle aliyemtuma anakuwa Yung-lo. Fei Xin, aliyesafiri naye na kuandika aliyoyaona, anakuwa Fei Hsin, na kitabu chake Xingcha shenglan kinakuwa Hsing-ch'a sheng-lan. Msafiri mwingine, Ma Huan, hana taabu, kwani jina lake ni lilelile katika mifumo yote miwili. Ndiyo maana mtafiti mwenye busara humtafuta Ma Huan kwanza, kisha hupitia faharasa za vitabu alivyovipata kuona jinsi mwandishi alivyowaandika wengine.

Ukishakuwa na tahajia zote mbili, zitafute pamoja. Mifumo mingi hukubali neno OR kwa herufi kubwa: "Zheng He" OR "Cheng Ho", kila jina ndani ya alama zake za kunukuu. Bila alama hizo, "he" ya Zheng He itachukuliwa kama kiwakilishi cha Kiingereza na kukuletea nusu ya maktaba.

Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi mnaotumia vitabu vya Kifaransa mna mfumo wa tatu wa kuujua. Waandishi wa Kifaransa wa zamani walianza na Tch pale Waingereza walipoweka Ch. Paul Pelliot, aliyeandika sana juu ya misafara hii katika miaka ya 1930, alimwita amiri wetu Tcheng Houo. Chiang Kai-shek kwa Kifaransa ni Tchang Kaï-chek hadi leo. Kazi za Pelliot ni za msingi katika somo hili, na anayetafuta kwa pinyin peke yake hazipati.

Dalili: umebadili mfumo, bado hakuna kitu

Hapa kuna sababu tatu, na zote zinaonekana kwa mtu mmoja: Zhao Rugua, mwandishi wa Zhufan zhi, kitabu cha 1225 kinachoeleza biashara ya ng'ambo pamoja na nchi ya Waswahili. Mwandishi alikuwa msimamizi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, kwa hiyo habari zake alizipata kwa wafanyabiashara waliopita mikononi mwake. Ni chanzo ambacho hakuna anayeandika historia ya Zanzibar ya enzi hizo anayepaswa kukiacha.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwandishi wa Kiingereza hakufuata mfumo wowote kwa ukamilifu. Tafsiri mashuhuri ya kitabu hiki, ya Friedrich Hirth na W. W. Rockhill, ilichapwa St Petersburg mwaka 1911. Wao walimwita mwandishi Chau Ju-kua na kitabu wakakiita Chu-fan-chï. Kwa Wade-Giles safi ingekuwa Chao Ju-kua na Chu-fan-chih. Ukijenga tahajia kwa kanuni nilizotoa juu, utaikosa tafsiri inayotumika kuliko zote.

Sababu ya pili ni kwamba herufi moja ya Kichina inaweza kusomwa zaidi ya namna moja. Herufi ya mwisho ya jina lake ina usomaji unaobishaniwa, kwa hiyo utakutana na Zhao Rugua, Zhao Rukuo, hata Zhao Rushi. Watatu hawa ni mtu mmoja. Vivyo hivyo kitabu cha Ma Huan kinaandikwa Yingyai shenglan na wengine, Yingya shenglan na wengine.

Sababu ya tatu ni mgawanyo wa maneno. Wataalamu huandika Zhufan zhi au Zhufanzhi. Katalogi zinazofuata Maktaba ya Congress hutenga kila silabi: Zhu fan zhi, Xing cha sheng lan, Ying ya sheng lan. Hazitengi majina ya watu waliyopewa wala majina ya mahali, ndiyo maana ni Enlai na si En lai, na ni Zhongguo na si Zhong guo. Kompyuta haijui kwamba Zhufan na Zhu fan ni kitu kimoja. Unapotafuta kichwa cha kitabu cha Kichina, tenga silabi zote kwanza, ukikosa ndipo uunganishe.

Nchi inayotajwa katika kitabu hicho na kudhaniwa ndiyo Zanzibar au pwani yake inaitwa Cengba kwa pinyin, Ts'eng-pa kwa Wade-Giles, na Ts'öng-pa kwa Hirth na Rockhill. Zitafute zote tatu. Kwa Malindi, matini za enzi ya utawala wa Ming zina Malin, na vitabu vya zamani vina Ma-lin.

Dalili: unapata vya zamani tu, au vya sasa tu

Ukiona matokeo yote yanaishia miaka ya 1970, au yote yanaanzia 1980, umekwama upande mmoja wa mpaka. China ilianza kutumia pinyin katika machapisho yake ya lugha za kigeni Januari 1979, na magazeti makubwa ya nchi za Magharibi yakafuata. Maktaba ya Congress ilichelewa zaidi: ilihama kutoka Wade-Giles kwenda pinyin tarehe 1 Oktoba 2000. Maktaba yoyote ambayo haikusasisha rekodi zake baada ya hapo, na ziko nyingi, zikiwamo za kadi, bado ina Mao, Tse-tung kama jina rasmi.

Mpaka huo unamgusa sana anayeandika juu ya TAZARA. Makubaliano ya reli yalitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaenda kuanzia 1970 hadi 1975, na makabidhiano yakawa 1976. Yote hayo yalitokea wakati Kiingereza kikiandika Peking. Jarida rasmi la China kwa lugha ya Kiingereza liliitwa Peking Review hadi 1979, likawa Beijing Review. Katika katalogi nyingi hayo ni majarida mawili yenye rekodi mbili. Mtafiti wa reli anayefungua Beijing Review peke yake anakuta hakuna toleo hata moja la miaka ya ujenzi, kumbe matoleo yako rafu ileile chini ya jina la zamani.

Reli yenyewe nayo ina majina zaidi ya moja. Vitabu vya Kiingereza vya wakati ule vina Tan-Zam na Uhuru Railway, vya baadaye vina TAZARA. Kwa Kichina ni Tan Zan tie lu, na kwa Wade-Giles T'an Tsan t'ieh lu. Ziara ya Zhou Enlai Tanzania mwaka 1965 nayo itafute kwa Chou En-lai ikiwa unasoma magazeti na nyaraka za siku zile.

Majina mengine hayakuhama kamwe. Chiang Kai-shek na Sun Yat-sen yametokana na matamshi ya kusini mwa China, na katalogi zimeyaacha hivyo kwa kuwa ndivyo watu hao wanavyojulikana. Ukiandika Jiang Jieshi au Sun Zhongshan utapata vitabu vya Kichina vyenye majina hayo kichwani na kukosa vya Kiingereza. Confucius vilevile: Kongzi na K'ung-tzu ni yeye, lakini mada rasmi ni Confucius. Miji ya bandari ina hadithi ileile, na hili ni la kukumbuka kwa wanaofuatilia biashara ya bahari: Canton ni Guangzhou, Amoy ni Xiamen, Swatow ni Shantou, Foochow ni Fuzhou. Taiwan nayo ilibaki na Wade-Giles muda mrefu, ikaanza kutumia pinyin ya bara rasmi mwaka 2009, na watu wake wengi bado wanaandika majina yao kwa namna ya zamani.

Dalili: linakubali bila ritifaa na kukataa ukiiweka, au kinyume chake

Sisi tunaoandika ng'ombe tunajua ritifaa si pambo. Katika Wade-Giles inatenganisha konsonanti mbili tofauti kabisa. Tatizo ni kwamba kompyuta ina alama kadhaa zinazofanana machoni: ritifaa iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na alama maalumu iliyogeuzwa ambayo wakutubi huitumia. Ukinakili jina kutoka kwenye hati yako na kulibandika kwenye katalogi, huenda umebandika alama ambayo katalogi haiijui.

Mifumo hushughulikia jambo hili kwa njia mbili. Mingine huifuta alama, na ch'i inakuwa chi. Mingine huifanya nafasi, na ch'i inakuwa maneno mawili, ch na i. Jaribu kwa mpangilio huu: chi lin, halafu ch'i lin kwa ritifaa ya kibodi, halafu ch i lin ndani ya alama za kunukuu. Moja kati ya hizo itashika, na ukishajua ni ipi, itumie kwa majina yote ndani ya mfumo huo.

Pinyin ina ritifaa chache, kama Xi'an na Chang'an. Alama za toni juu ya irabu usiziandike kabisa, katalogi hazizitumii. Ila nukta mbili juu ya ü zina maana, na mifumo mingine hudai ü wakati mingine inatosheka na u. Kwa hiyo Lü ijaribu pia kama Lu.

Dalili: matokeo maelfu, mengi hayahusiki

Hili ni tatizo la Wade-Giles iliyovuliwa alama. Chu bila ritifaa wala nukta inaweza kuwa zhu, chu, ju au qu ya pinyin. Chin inaweza kuwa utawala wa Qin, uliotawala mwaka 221 hadi 206 kabla ya Kristo, au utawala wa Jin wa 1115 hadi 1234. Zaidi ya miaka elfu moja inazitenga, na katalogi inazirundika pamoja.

Usijaribu kupunguza kwa kubadili tahajia zaidi. Ongeza kitu kingine: mwaka wa kuzaliwa wa mtu kama ulivyo kwenye jina rasmi, au neno la mada la Kiingereza, au bana utafutaji kwenye uga wa mwandishi peke yake. Kinyota cha kukatia neno (*), kinacholeta kila neno linaloanza na herufi zilizokitangulia, nacho kitumie kwa uangalifu. Hsing* ina maana. Ch* ni mafuriko.

Dalili: umeandika kwa herufi za Kichina zenyewe, hakuna kitu

Kutafuta kwa herufi asilia ndiyo dawa bora ya tahajia nyingi, na huhitaji kujua kuzisoma. Fungua makala ya ensaiklopidia inayomhusu mtu huyo, nakili jina lake, bandika. Zhao Rugua, Zhao Rukuo na Chau Ju-kua wote ni 趙汝适. Twiga wetu ni 麒麟 popote.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Moja, China bara hutumia herufi zilizorahisishwa, Taiwan na Hong Kong hutumia za asili. Zheng He ni 郑和 kule na 鄭和 huku. Mifumo mizuri huyaona kuwa kitu kimoja, mingine haiyaoni. Tafuta yote mawili. Mbili, majina ya nchi zetu hutofautiana. Tanzania ni 坦桑尼亚 bara na 坦尚尼亞 Taiwan. Kenya ni 肯尼亚 bara na 肯亞 Taiwan. Malindi ya vitabu vya Ming ni 麻林, ila mwandishi wa leo ataandika 马林迪. Tatu, rekodi za zamani hazina herufi hizo kabisa. Maktaba za Marekani zilianza kuingiza herufi za Asia Mashariki kwenye rekodi za kompyuta mwaka 1983, na vitabu vingi vilivyoorodheshwa kabla ya hapo havijaongezewa. Kwa vitabu hivyo unarudi kwenye Wade-Giles na pinyin.

Kijapani: irabu ndefu na maneno yanayomezwa

Mfumo wa Hepburn, wa karne ya 19, ndio unaotawala katika katalogi. Serikali ya Japani ilikuwa na mfumo wake mwingine, Kunrei, uliowekwa 1937 na kuthibitishwa tena 1954. Humo shi ni si, chi ni ti, tsu ni tu, fu ni hu, na ji ni zi. Jarida la zamani la kisayansi ukilikosa kwa Zasshi, jaribu Zassi.

Kinachosumbua zaidi ni irabu ndefu. Ō inaweza kuandikwa ō, o, oh, oo au ou. Mfano ulio karibu na wengi wetu ni mhandisi wa Toyota aliyejenga mfumo wa uzalishaji ambao kaizen, yaani mbinu ya kuboresha kazi kidogo kidogo, inayofundishwa sasa viwandani Tanzania na Kenya, imetokana nao kwa sehemu kubwa. Vitabu vyake vya Kiingereza vinamwita Taiichi Ohno. Kwa Hepburn ni Ōno Taiichi. Ukiondoa mstari wa juu anakuwa Ono, na hilo kwa Kijapani ni jina la ukoo tofauti. Ukipata watu wengi wasiomhusu, tumia 大野耐一.

Kabla ya b, m na p, wengine huandika n na wengine m. Gazeti lenyewe kwa Kiingereza hujiita Asahi Shimbun, lakini katalogi ina Asahi shinbun. Na tamthilia za Nō zina shida ya peke yake: mifumo mingi huona "no" ni neno lisilofaa kutafutwa na huliacha. Andika Noh, au nōgaku, au 能楽.

Anayemfuatilia twiga wa Malindi katika vitabu vya Kijapani ajue kwamba huko qilin ni kirin, jina ambalo ni pia la kampuni kubwa ya bia. Ongeza Zheng He au 鄭和 kwenye utafutaji uipite.

Kikorea: mwaka 2000 ulipogeuza herufi za mwanzo

Maktaba nyingi za Magharibi hutumia mfumo wa McCune-Reischauer, uliobuniwa mwaka 1937. Korea Kusini ilitangaza mfumo mpya Julai 2000, na vitabu na tovuti za Korea vikauhamia, lakini katalogi nyingi hazikuhama. Kwa hiyo Korea ni kinyume cha China: hapa jina unaloliona kwenye habari za leo mara nyingi silo lililo kwenye rekodi rasmi, hata ya kitabu cha mwaka jana.

Tazama herufi ya kwanza. G ya sasa ni K ya katalogi, D ni T, B ni P, J ni Ch. Busan ni Pusan, Gwangju ni Kwangju, Jeju ni Cheju, Joseon ni Chosŏn, Baekje ni Paekche. Kisha tazama irabu: eo ni ŏ, eu ni ŭ. Alama hiyo ya juu ikianguka, ŏ inachanganyika na o, na hapo mifumo hutofautiana. Jaribu pamoja na alama na bila alama.

Mfano unaotuhusu ni vuguvugu la maendeleo vijijini lililoanzishwa na Rais Park Chung-hee mwaka 1970 na ambalo Korea imelipeleka katika vijiji vya Rwanda na Uganda. Kwenye ripoti za miradi utaona Saemaul Undong. Kwa mfumo mpya ni Saemaeul undong. Kwa katalogi ni Saemaŭl undong. Kwa tafsiri ni New Village Movement au New Community Movement. Hapa kinyota kinasaidia kweli: Saema* hukamata tahajia tatu za kwanza kwa mara moja. Tafsiri zitafute peke yake, kwani tathmini nyingi za wachumi hazitaji neno la Kikorea popote.

Majina ya watu ni magumu zaidi, maana kila familia huchagua tahajia yake. Lee, Yi, Rhee na Ri ni ukoo mmoja. Park na Pak vilevile, na Choi ni Ch'oe. Rais wa kwanza, Syngman Rhee, kwa McCune-Reischauer ni Yi Sŭng-man, na mtu asiyeambiwa hawezi kudhani ni mtu mmoja. Usijenge majina ya Kikorea kwa kanuni. Nenda VIAF, hifadhidata ya bure inayounganisha majina rasmi ya maktaba za kitaifa, andika umbo lolote ulilonalo, na itakuonyesha maumbo yote yanayojulikana pamoja na herufi asilia. Inafaa kwa Wachina na Wajapani pia.

Dalili: katalogi inakubali, lakini ndani ya matini hakuna

Kompyuta inaposoma ukurasa wa zamani, alama za juu na ritifaa ndizo huharibika kwanza. Hsing-ch'a inaweza kusomwa Hsing-cha, au Hsing-ch a, na jina lililokatwa mwisho wa mstari hugawanyika vipande viwili. Punguza: tafuta kipande kifupi kisicho na alama, ukiambatanishe na neno la kawaida la Kiingereza. "Sheng-lan" pamoja na giraffe itafika mahali ambapo kichwa kizima hakifiki. Jaribu pia majina yasiyobadilika, kama Malindi, Mogadishu au Ma Huan.

Kumbuka pia mpangilio wa jina. Asia Mashariki ukoo hutangulia, lakini wachapishaji wa Kiingereza huwageuza Wajapani na Wakorea mara nyingi, na Wachina mara chache. Ndani ya alama za kunukuu "Taiichi Ohno" na "Ohno Taiichi" ni vitu viwili, kwa hiyo andika yote mawili.

Ukifika hapa na bado hujapata

Mwandikie mkutubi, hata wa maktaba ya mbali; vyuo vikubwa vyenye mikusanyo ya Asia Mashariki huwa na mkutubi wa eneo hilo, na maswali kutoka kwetu huyajibu. Usimwandikie tu kwamba umetafuta ukakosa. Mpe herufi asilia za jina, tahajia zote ulizojaribu na ni kwenye mfumo gani, na mahali ulipolikuta jina hilo mara ya kwanza, pamoja na ukurasa na mwaka wa kitabu. Mwaka huo usiuache, kwa kuwa ndio utakaomwonyesha mfumo uliotumika kuliandika jina na rekodi ya zama zipi aifungue.